Pilipili Manga

Umeme ulirudi saa tano.
Mashine ya fotokopi ikakohoa, ikapata moto,
na Mize Faki akaingia na bahasha ya kaki
iliyofutwa jina la wizara.
Kurasa ishirini na nne. Penseli, na juu ya penseli
wino wa kalamu ya shilingi mia tatu.

"Nakala kumi, mjomba. Kisha uzipige pini."

Nikazipiga kushoto,
kama nipigavyo mitihani, hati za mirathi, risiti za karafuu.
Akazitazama kama mtoto aliyevishwa viatu kombo.
"Kulia, mjomba. Hii ni manga."

Nikazing'oa kwa ncha ya kisu, moja moja.
Ndani mlikuwa na mchezo wa ng'ombe,
msichana mwenye macho mapana kama visahani,
nywele zimekataa kukaa chini ya mtandio,
na mbele yake dume liitwalo Mwache-Aje.
Vumbi: TIFU! Kwato: PU, PU, PU!
Na mtazamaji mmoja, miguu juu, ndani ya bonde la mpunga.

Hamad Asaa alikuwa pale na barua yake ya kuomba kazi.
Huyu hukesha na bando, azijua zote.
"Manga huchorwa Japani," akasema. "Hii yako ni katuni.
Jina lina kwao."

"Na suti uliyopigia picha hiyo, kashona nani?"

"Mbarouk, pale Limbani."

"Mbona huiiti kanzu?"

Akacheka, lakini hakuteremka.
"Suti ni nguo tu. Manga ni watu, Mize.
Wamekesha, wamevunjika migongo, ndipo wakaipa jina.
Ukichukua jina, uchukue na mgongo."

Mize akajishika shingo. Vidole vyake vikaacha wino.
"Mgongo ninao," akasema, polepole,
nami nikaona haya kuwasikiliza,
mimi niandikaye haya bila vina
na hukohoa kidogo kabla sijayaita shairi.

Bi Mchanga Ngwali alikuwa akingoja kitambulisho chake
kitoke kwenye plastiki.
"Manga? Manga ni Maskati, wanangu.
Upo mwaka, neno Mmanga
ukilitaja mlangoni kwa mtu, kesho humkuti."
Akanyamaza. Mashine ikanuka.
Kisha, kama aliyekumbuka chungu jikoni:
"Na pilipili manga je? Nnao mti wake nyuma ya nyumba,
umeuzonga mfenesi.
Haujafika Manga. Haujafika hata Mkoani."

Akaokota nakala moja.
Bi Mchanga hakusoma skuli, alisoma chuoni,
na herufi hizi zetu kwake ni sisimizi.
Hakuna aliyemwelekeza.
Akafungua kulia, akapeleka kidole kushoto,
picha kwa picha, bila kujikwaa,
hadi pale bondeni, penye miguu juu,
akasema kwa kinywa chake mwenyewe:
"Chubwi!"

Ndivyo ilivyoandikwa. Nilichungulia.

Hamad hakusema ameshindwa. Alisema, "Bado."
Akalipia barua yake, akachukua nakala moja,
"nikaisome, nipate pa kukosoa."

Juu ya jalada Mize alikuwa ameandika manga kwa penseli,
akafuta, akaandika, akafuta.
Mashine yangu, ambayo mgongoni ina kibandiko cha Japani
na kwato zake zimeliwa na chumvi ya Wete,
haisamehe alama. Nakala zote kumi
zimetoka na kivuli cha neno, kijivu,
kama jina la mpangaji aliyehama.

Nne zimebaki hapa kaunta.
Watu hawaniulizi ni nini. Huuliza bei.
Elfu moja.
Hufungua kushoto, huanzia mwisho,
dume linarudi kinyumenyume zizini,
mtu anatoka majini mkavu,
nao hunirudishia: "Mjomba, imekosewa hii."

Igeuze, nawaambia.

Siyo hivyo. Geuza tena.